Fungu la Mashine

Mimi jambo likinitatiza hata chakula hakipiti. Ndiyo maana baba mdogo aliposema mashine ya marehemu babu imezeeka, iuzwe chuma chakavu, nilimkatiza: "Inazeekaje msimu wa ufuta tu, halafu miezi mingine ni nzima?"

Karakana yetu iko Chiola, na mashine hiyo ya kukamua mafuta inazungushwa na injini kwa mkanda. Bushi zake, zile pete za chuma zinazoshika mhimili ukizunguka, zina vitundu juu, na kila asubuhi bibi anazitia oili kwa kopo la zamani la babu, la bati, mdomo mrefu mwembamba, ukibonyeza kitako linadondosha tone. Hiyo kazi hamwachii mtu tangu babu afariki. Lakini msimu wa ufuta ukianza tu, mashine inakuwa nzito, bushi zinachemka, mkanda unateleza na kunuka. Mnunuzi wa chuma alishapigiwa simu, angekuja Ijumaa baada ya swala. Bibi alikuwa anafuta lile kopo kwa pindo la kanga. Roho iliniuma.

Nikafungua bushi moja. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia, unanata kama gundi. Oili gani hii? Nikanusa. Nikaonja, ndiyo, nilionja! Loo! Ufuta.

Bibi nilimkuta uani anapepeta. "Bibi, kwenye kopo unatia nini?"

Wala hakubabaika. "We mke mwenzangu, kwani hujui? Mafuta ya kwanza ya msimu hapa kwetu hayauzwi, wanagawiwa waliofanya kazi. Aliyepalilia anapata, aliyevuna anapata. Sasa yenyewe inayokamua, isipate?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikakatika, maana nilikumbuka Ijumaa. Nikamweleza kwamba mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma cha moto yanaganda.

"Kumbe ni mimi," akasema, akauweka ungo chini.

Tukaosha bushi zote na kopo kwa mafuta ya taa, tukajaza oili ya mashine. Baba mdogo akawasha, amenuna. Mashine ikazunguka bila kelele. Alisubiri, akagusa bushi kwa kiganja, akagusa tena, zilikuwa hazijachemka. Akatoka nje kumpigia mnunuzi asije.

Aliporudi, bibi alikuwa amesimama na bakuli la mafuta ya kwanza ya ufuta. "Sasa fungu lake litapita wapi?" akauliza.

Baba mdogo akazima injini. Akachovya vidole kwenye bakuli, akapaka ubavu wa mashine, akasema, "Huku nje, mama. Huku hayadhuru."

Bibi akamimina mengine kiganjani, akaanza kuipaka taratibu, kutoka juu kushuka chini.

"Pole," akawa anaiambia. "Pole, mume wangu."