Hapa Hapandwi Mwembe

Sijui kutulia. Nikiwa mahakamani Shinyanga, joho jeusi mwilini, akili iko Ushetu kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Moto umepanda mno? Umezimika? Nikiwa Ushetu nakagua majani huku nabishana kimoyomoyo na wakili wa upande wa pili. Mume wangu anasema hata kanisani nakaa upande, kama mtu aliyeacha maharage jikoni.

Shamba nililirithi kwa baba, ingawa "kurithi" ni neno la heshima tu. Nililipigania. Baba zangu wadogo walidai kwamba baba aliazimwa tu ile ardhi, kwa hiyo binti yake hana chake pale. Walileta mashahidi wenye mvi na sauti nzuri. Mimi niliwapeleka wajumbe wa baraza la ardhi hadi nyuma ya nyumba ya zamani, kwenye makaburi ya kaka zangu wawili waliokufa wachanga kabla sijazaliwa. Kaburi halihojiwi maswali ya dodoso. Nikashinda.

Ushindi ule ulinipa ugonjwa. Tangu siku hiyo, kila mtu anayekaa muda mrefu kwenye ardhi yangu namtazama kwa jicho la mahakama. Vibarua wangu wengi hutoka Kigoma, wanakuja na wake na watoto, na wengine hawaondoki hata msimu ukiisha. Nawaambia walime mahindi, maharage, viazi, chochote kinachovunwa kikaisha. Mwembe hapana. Mti wa kudumu kesho ni ushahidi. Wananicheka pembeni, najua, nami sibadilishi neno.

Mwaka huu, wakati wa kuchoma tumbaku, msimamizi alinipigia simu nikiwa kwenye korido ya mahakama.

"Mama wakili, mtoto wa mchoma bani amefariki. Homa. Wazazi wana jambo la mazishi, wanasema watakueleza wewe mwenyewe."

Mchoma bani ni mtu wa Kakonko, hukohuko Kigoma, kaniwekea moto misimu mingi na hajawahi kuniunguzia jani. Yule mtoto alizaliwa palepale shambani. Niliomba kesi iahirishwe, nikaendesha. Huzuni nilikuwa nayo, lakini kabla sijafika Kahama hoja zilishajipanga kichwani. Kaburi moja, baada ya miaka kumi nani atakumbuka kwamba walikuwa vibarua? Nilijichukia na nikaendelea kupanga hoja. Njiani nikampigia mwenyekiti wa kijiji.

Niliwakuta wamesimama mbele ya bani. Mama alikuwa amebeba mtoto mgongoni, kamfunika mpaka kichwa, nikadhani ni wa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Poleni. Poleni sana." Kisha sikuwapa nafasi. "Nimeshaongea na mwenyekiti. Makaburi ya kijiji yana nafasi. Jeneza, sanda, chakula cha waombolezaji, vyote juu yangu. Ila hapa shambani haitafaa."

Baba wa mtoto akamtazama mkewe.

"Mama, hatukuomba kumzika hapa," mke akasema. "Mtu haziki mtoto kwenye ardhi ya watu. Tunaomba ruhusa tumpeleke Kakonko. Tuwahi basi."

"Na mwili?"

Akageuka kidogo. "Nimembeba. Kondakta akijua amekufa, watatushusha."

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Shamba limepona. Halafu ndipo nikautazama ule mgongo, na kitenge kilivyofungwa vizuri, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikamgombeza msimamizi bure kwa sababu gari lina vumbi. Nikawaambia waingie, naendesha mwenyewe.

Nilimfungulia mama mlango wa nyuma, nikasema kiti ni kipana, anaweza kumlaza. Akakataa. Akakaa mbele kando yangu, mtoto mapajani. Mumewe akakaa nyuma. Mimi niliwasha redio, nikaizima, nikafungua dirisha, nikalifunga.

Tulipoipita Masumbwe, trafiki akatusimamisha. Akaangalia leseni, akainama kutusalimia, macho yakaenda kwenye kitenge.

"Mama, joto lote hili, mbona umemfunika mtoto hivyo?"

Kazi yangu ni kuwasemea watu. Nikajifanya natafuta kadi ya gari.

"Amelala, afande," mama akajibu. "Tunampeleka kwao."

"Mfunue basi apate hewa. Safari njema."

Akamfunua uso. Gari likaondoka, yule trafiki akabaki nyuma kabisa, na mama hakumfunika tena. Alishika ncha ya kitenge akawa anampepea, taratibu, njia nzima hadi Kakonko.