Manowari Iliyommeza Baba Yake Bibi Marta

Bibi yangu Marta alizaliwa Karema, ufukweni kabisa, na hakuwahi kula samaki. Usicheke. Ziwa Tanganyika lilimla baba yake, naye alikataa kumla baba yake ndani ya mgebuka, samaki wa ziwa hilo. Ukimbishia, anakutazama mpaka unaona aibu mwenyewe.

Baba huyo, Isidori, alikuwa mchochea moto kwenye manowari ya Wajerumani. Mwaka 1916 habari zikafika Karema kwamba manowari imezama huko Kigoma. Bibi alikuwa bado tumboni. Isidori hakurudi, maiti haikuonekana, basi ndugu wakafanya inavyofanywa: wakakata mgomba, wakauvika shuka yake, wakauzika, wakaweka matanga. Mama yake Bibi akawafukuza wanaume wote waliokuja kumposa. Mimi nina mume, alisema, ananingoja mbinguni. Bibi akakua anapalilia kaburi lile, akaolewa, akalima mpunga, akazaa, na kila mwaka anamwombea baba Misa.

Mwaka 1994 macho yake yakaingia ukungu. Nikatoka kwangu Majengo, Mpanda, nikamfuata Karema nimpeleke hospitali Kigoma. Tulipanda Liemba, meli ambayo maisha yake yote aliiona ikipita tu. Meli haifiki ufukweni, na kumpandisha kutoka mtumbwini ilikuwa kazi, ananitukana mbele za watu!

Mchana nikanunua wali na mgebuka. Bibi akasukuma sahani. Fundi wa injini, kijana mmoja mdomo mrefu aitwaye Danford, akamtania: "Bibi, mtu wa Karema unakataa samaki? Umelogwa?"

Bibi akamweleza yote. Danford akaacha kucheka.

"Lakini Bibi, manowari yenyewe si ndiyo hii tuliyopanda?"

"Toka hapa!" nikamwambia.

Akaapa kwa Mungu. Wajerumani waliizamisha wenyewe, adui asiichukue. Walipaka mitambo grisi isishike kutu, wakaishusha chini ya maji taratibu. Baada ya vita Waingereza wakaiibua, wakaipa jina la Liemba, ikaendelea na kazi.

"Na watu?" Bibi akauliza.

"Watu gani, Bibi? Walishateremka wote. Hakufa mtu."

Jamani! Yule kijana ningemzaba kibao, maana alikuwa anatabasamu, anadhani kaleta habari njema. Bibi alishika bomba la pembeni kwa mikono miwili. Sijawahi kuogopa vile.

"Bibi, ilikuwa vita," nikasema haraka haraka. "Labda Wajerumani walimchukua. Labda alikufa njiani kwa homa."

"Labda," akasema.

Mimi nikalia, yeye hakulia.

"Upendo," akaniita. "Kutoka Kigoma mpaka Karema watu walikuwa wanatembea kwa miguu. Tena na mizigo kichwani. Yeye hakuwa hata na mzigo."