Runinga ya Kutazamwa Kutoka Koridoni

Nilipojenga nyumba yangu Buhare, ukuta wa sebule niliuchora mwenyewe. Fundi mwashi alitaka kuweka dirisha pale, nikamkatalia. Nilijua tangu msingi kwamba ukuta ule ni wa runinga. Nyaya nilizipitisha ndani ya plasta kabla ya rangi, na hadi leo ukiingia kwangu huoni waya hata mmoja ukining'inia. Wageni huuliza ni fundi gani wa umeme aliyefanya kazi ile. Ni mimi.

Naandika hivi bila kuona haya. Diploma yangu ya umeme niliisomea kwa vibarua vya kubeba marobota ya pamba Bunda, na baada ya diploma nikaenda Uarabuni, nikafanya kazi ya kufunga na kutengeneza runinga hotelini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi Musoma nilikuwa nimeshafungua runinga nyingi kuliko ambazo watu wengi wa mji huu wamewahi kuziwasha. Kwa hiyo suala la plasma na LCD, aina mbili za runinga bapa, ambalo wenzangu walibishania kijiweni mpaka kahawa ikapoa, kwangu halikuwa la kubishania.

Nilichagua LCD, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Plasma ni nzito, inakula umeme, inatoa joto, na kioo chake mchana kinameta kama sufuria mpya. Sebule yangu inaelekea ziwani, mwanga unaingia mchana kutwa. Tena mimi ni mpenzi wa gemu ya mpira. Katika gemu ule ubao wa magoli unakaa pembeni juu bila kuhama, na plasma ikionesha kitu kisichohama kwa muda mrefu hubaki na kivuli chake hata ukibadilisha chaneli. Sikuinyima plasma haki yake: weusi wake ni weusi kweli, na mpira ukipigwa kwa kasi hauachi mkia nyuma. Lakini nilijumlisha na kutoa, nikabaki na LCD. Nikaipachika ukutani, nikalipanga kochi kubwa katikati, nikapima usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Majirani wa Buhare walikuja kucheza gemu na kutazama mechi, na kila aliyekaa kwenye kochi lile alisifu.

Halafu mama mkwe wangu akavunjika mguu. Aliteleza kwenye jiwe akitoka shambani kwake Butiama, akaletwa Musoma, akafanyiwa upasuaji. Daktari alimweleza mke wangu waziwazi: mfupa utaunga wenyewe, lakini mguu hautarudi bila mazoezi ya kila wiki hospitalini. Akiyaacha, magongo yatakuwa yake mpaka mwisho wa maisha. Kijijini hakukuwa na mtu wa kumpeleka mazoezini. Mwanawe mmoja aliyebaki kule hulala na kuamka na ng'ombe na mbuzi. Basi ikaamuliwa akae kwangu mpaka atembee.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai sebule moja. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na kiti anachokalia yeye mimi sikikalii hata akiwa hayupo. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na mwenye kuivunja huonekana hakulelewa. Diploma haijaniondolea hayo wala sijataka iniondolee. Kwa hiyo kiti cha mama kiliwekwa koridoni, nyuma ya pembe ya ukuta, mahali ambapo hanioni wala simwoni, lakini runinga anaiona kwa upande.

Nilijitolea kumpa runinga ndogo chumbani kwake. Akamtuma mke wangu na jibu: "Mpira wa kutazama peke yako ni ugonjwa mwingine." Mama huyu aliujua mpira kwa masikio. Miaka yote ya ndoa yake yeye na marehemu mumewe walikuwa wakisikiliza mechi kwenye redio, wakigombana kuhusu wachezaji ambao hawakuwahi kuwaona hata picha. Kuona mpira kwa macho, pamoja na watu wanaopiga kelele, ndicho kitu kimoja alichokifurahia alipokuja mjini.

Haikupita muda mke wangu akanifuata uani nikiosha gari.

"Mama anataka kurudi Butiama."

"Mazoezi je?"

"Anasema mbuzi wake hawalishwi vizuri."

"Mbuzi wana kaka yako."

"Ndiyo maana najua si mbuzi. Ameshampigia simu kaka. Jumamosi anakuja kumchukua."

Nikamuuliza kama kuna aliyemkosea. Akasema hapana. Akafikiri kidogo, akaongeza kama jambo dogo, "Siku hizi mechi ikianza anageuzaga kiti. Anatazama ukuta. Nikimuuliza anasema hivyo ndivyo anasikia vizuri."

Niliacha kuosha gari.

Walipokwenda hospitalini kwa mazoezi, niliwasha runinga, nikatafuta mechi ya marudio, nikaenda koridoni. Kiti kilikuwa pale, na mto wake, na kanga yake mgongoni mwa kiti. Mtu mwingine angekikalia tu na kutazama. Mimi sikuweza. Wala sikuweza kukisogeza na kuweka changu mahali pake, kwa sababu ni kilekile. Nikachuchumaa kando yake, lakini pembe ya ukuta ikaniziba. Mwishowe niliegemeza simu yangu juu ya mto, nikaiwekea kamera ijipige yenyewe, nikarudi nyuma.

Picha ilinitosha. Uwanja ulikuwa rangi ya majivu. Wachezaji walikuwa wamepauka kama maziwa yaliyotiwa maji, na jezi nyekundu na ya njano hazikuwa na tofauti. Kwenye kochi langu mechi ileile ilikuwa inang'aa. Ndiyo tabia ya LCD za aina ile: ukikaa mbele yake inakupa kila kitu, ukikaa pembeni inakunyima. Nililijua hilo tangu hoteli ya kwanza. Lakini nilipopima sebule nilipima viti vya sebuleni, na mama mkwe hana kiti sebuleni. Na yeye asingesema. Mama mkwe hasemi kwamba kitu cha mkwe wake ni kibovu. Husema ana mbuzi.

Kuigeuza runinga kuelekea koridoni kungewanyima waliokaa kwenye kochi. Kukisogeza kiti chake mbele kungetuweka uso kwa uso. Zipo LCD zinazovumilia kutazamwa kwa upande, lakini kwa ukubwa nilioutaka hazikuwapo Musoma. Plasma haina shida hiyo. Kila kijidoti chake kinawaka chenyewe, ukikaa mbele au pembeni rangi ni ileile. Nikaondoka kwenda Bunda.

Huko Bunda, eneo la Kabasa, kuna mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika kutoka Uarabuni, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma na mdomo usiopumzika. Tulikuwa tunafahamiana, maana mimi nilikuwa nampa ushauri wa mali yake bila malipo.

"Plasma?" akacheka. "Mzee wa Uarabuni, watu wanaikimbia plasma, wewe unaikimbilia?"

"Unayo?"

"Ninayo moja, imekaa mpaka imekuwa ndugu. Itakumalizia umeme wa luku, nakwambia mapema."

"Luku ni yangu. Iwashe."

Akaiwasha. Nikaacha kusimama mbele, nikaenda pembeni kabisa, kwenye majokofu, nikainamisha kichwa. Wateja wawili waliokuwa wakitazama feni wakageuka kunitazama mimi.

"Sasa unaiangalia au unaivizia?" akasema mwenye duka.

"Naiangalia kwa macho ya mtu mwingine."

"Huyo mtu ana kengeza?"

Feni zikasahauliwa, watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Ni mama mkwe. Anakaa koridoni."

Kicheko kikakatika. Yeye ni Mwislamu, ukoo wake umetoka mbali na huku kwetu, lakini amekaa Bunda miaka mingi na mkewe ni wa huku. "Ungesema toka mwanzo," akasema kwa sauti nyingine. "Kwa mama mkwe hata mimi sina utani." Akatafuta mechi mwenyewe, akaja kuinama pamoja nami kwenye majokofu, tukaitazama. Nyekundu ilikuwa nyekundu na njano ilikuwa njano. Chini ya kioo kulikuwa na kivuli chepesi cha maandishi ya Kiarabu, mstari wa habari uliokaa pale miaka. Nilijua mara moja kwamba ilitoka mapokezi ya hoteli. Nikamwonesha kabla hajanificha, na bei ikashuka bila ubishi.

Ijumaa niliipachika. Breketi ya LCD haikufaa kwa uzito ule, nikatengeneza nyingine ya chuma, nikaweka stablaiza, nikabadilisha pazia la dirisha la ziwani nikaweka zito. LCD nikaihamishia chumbani. Mke wangu alitazama kazi yote kutoka mlangoni.

"Umeleta ya kizamani?"

"Kaa koridoni uone."

"Hapo si pa kukaa mimi," akasema, lakini alipopita kwenda jikoni niliona amesimama kidogo.

Jumamosi shemeji yangu alifika kutoka Butiama na gari la kuazima. Mfuko wa mama ulikuwa tayari kando ya mlango, na magongo yameegemezwa juu yake. Mama mwenyewe alikuwa koridoni, kiti kimeelekea ukutani, anangoja kuitwa. Runinga ilikuwa imezimwa. Kwa kweli nilidhani nimechelewa.

Shemeji hakuwa na haraka. Aliingia sebuleni, akaitazama plasma kutoka juu mpaka chini.

"Shemeji, na diploma yako yote umemletea dada yangu jokofu la ukutani?"

"Kaa chini nikufunge kwanza, ndiyo uchambue."

"Unifunge wewe? Huko Uarabuni si mlikuwaga mnafagia hoteli?"

"Chukua padi, mchunga mbuzi."

Tukawasha gemu. Yeye alichukua timu ya kijani, mimi ya njano. Gemu hizi siku hizi zina mtangazaji, zina mashabiki wanaoimba, na kwa mtu asiyezijua ni mechi kamili. Shemeji anacheza kwa mdomo kuliko kwa vidole. Alipiga kelele mpaka majirani wakasikia, akanifunga goli la kwanza akasimama juu ya zulia langu.

Hapo nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu koridoni. Kiti kinageuzwa. Sisi tukaendelea kucheza. Kisha sauti ya mama.

"Huyo wa njano nyuma, analala! Anamwachiaje mtu nafasi yote hiyo?"

Shemeji akanitazama. Sikumtazama.

"Njano hawana beki," sauti ikaendelea. "Jezi nzuri, mpira hakuna. Huyu kocha wao kasomea wapi?"

Shemeji alianguka kwenye kochi, padi kifuani, machozi yakimtoka. Hakumsahihisha. Alikuwa anafaidi sana kiasi cha kutotaka kuharibu. Nilicheza nikiwa nimenyooka kama mtu anayefanyiwa usaili, na bado akanifunga la pili. Koridoni mama akasema timu ya njano imenunuliwa.

Mke wangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akatoka jikoni, nikamsikia akinong'ona kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia: "Mama, basi. Huo si mpira wa kweli, ni gemu. Wa kijani ni kaka. Wa njano ni mkweo."

Hata shemeji alikaa vizuri. Mtangazaji wa gemu peke yake ndiye aliyeendelea kusema. Nilifikiri sasa ataondoka kweli, na kwa aibu, na hatakanyaga kwangu tena.

"Sijamsema mkwe," mama akasema. "Nimemsema mwenye jezi ya njano."

Akaongeza, akimwambia mke wangu kwa sauti ya juu zaidi ya iliyohitajika: "Na mwenye jezi ya njano beki wake apande juu. Asiwangoje golini."

Kipindi cha pili nilimpandisha beki. Nilisawazisha, nikaongeza, nikashinda. Nataja matokeo kwa sababu shemeji huko Butiama anayasimulia vingine.

Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa, shemeji akasimama, akachezesha funguo mfukoni. "Mama, twende. Gari la watu."

"Mechi ya kweli inaanza saa ngapi?"

"Jioni hii. Lakini mbuzi, mama."

"Mbuzi ni kazi yako. Nenda kawalishe."

"Si ulisema siwalishi vizuri?"

"Basi walishe vizuri."

Shemeji aliushika mfuko, akauacha, akaushika tena. "Na huu?"

"Urudishe chumbani. Mimi Jumatatu nina mazoezi."

Nilimsindikiza shemeji mpaka kwenye gari. Alikaa nyuma ya usukani akitikisa kichwa, akasema nimemnyang'anya mama yake kwa umeme. Nikamwambia aendeshe taratibu, taa yake moja haiwaki. Niliporudi ndani sikuingia kwa mlango wa koridoni. Nilizunguka nyuma, nikapitia jikoni, nikakaa kwenye kochi. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia mke wangu akimwinulia mama mguu na kuuweka juu ya kigoda, kama walivyofundishwa hospitalini, na mama akimwambia asimzibe, timu zinaingia uwanjani.