Bega la Ayalneh

Ayalneh, fundi cherehani wa mtaani kwetu Gonder, ni mfupi, lakini ngoma ikilia mabega yake yanatetemeka utadhani yana mwenyewe mwingine. Miezi minne mkono wake wa kulia ulikuwa umekakamaa. Cherehani haitaki mkono uende juu, kwa hiyo hakumwambia mtu. Mwanaume na aibu zake.

Siku ya harusi ya shemeji yake, mama mkwe, Bi Yeshimebet, mrefu kama mlingoti, akaja kusimama mbele yake alishwe. Kwetu mkwe mwenye heshima anakutia tonge la injera, mkate wetu laini, mdomoni, tena kwa mkono wa kulia. Ayalneh akajaribu. Bega likapanda hadi sikioni, mkono ukabaki chini. Tonge likaangukia gauni jeupe la mama.

"Ananitupia kama kuku!"

"Mama, mkono haupandi."

"Mkono au roho?"

Yangeishia hapo, ila ngoma ikalia, na mabega ya yule mjinga yakaanza kucheza.

"Mnaona?" mama akafoka. "Mkono wa kunilisha umekufa, bega la kuchezea zima! Kesho binti yangu anarudi kwangu!"

Mke wa Ayalneh akaangua kilio. Tukamvuta mzee Gebeyehu, mnyoosha viungo, aliyekuwa anashughulika na nyama. Akafuta vidole, akalibana bapa la bega la Ayalneh kwa kiganja, akanyanyua mkono. Ukafika usawa wa mbavu, ukagoma. Ayalneh akapiga yowe, mpaka mpiga ngoma akaacha.

"Bega si kiungo kimoja, mama," akasema Gebeyehu. "Mkono umechomekwa kwenye kitundu chake, na hapo ndipo pamekakamaa. Hili bapa linateleza juu ya mbavu, linavutwa na misuli ya mgongoni. Halina habari. Na sisi tunacheza kwa bapa."

"Kwa hiyo si kiburi?"

"Kiburi hakipigi yowe hivyo. Kiwiko chake kizima, kinakunjika vizuri. Tatizo ni wewe, uko juu mno."

Mama akaletewa kigoda. Miaka kumi na moja mama huyu hajawahi kukaa chini ya mkwe wake. Akakaa, akafumba macho, akafungua mdomo.

Na kwetu tonge moja halitoshi, ni matatu. La tatu Ayalneh alilisokota kubwa kama ngumi. Mdomo ulivyojaa, lile neno la kumrudisha binti nyumbani halikupata pa kutokea.