Nabwire na Manowari ya Majina Mawili

Nabwire alipaka rangi karibu kila kitu kilichosimama Kamwokya: mabango ya vinyozi, milango ya bucha, ukuta wa kanisa, hata jeneza moja ambalo mwenyewe alilitaka la kijani kabla hajafa. Ufundi aliupata kwa baba yake huko Busia, upande wa Kenya. Alipohamia Kampala na mumewe, aliyefanya kazi ya reli, alikuja na brashi zake ndani ya soksi. Herufi zake zilikuwa nono na zilionekana kutoka mbali, na ndiyo sababu Kapteni Abdu alimtafuta.

Abdu, mzaliwa wa Bombo, alikuwa mkuu wa manowari iliyofungwa kwenye gati ya ziwani, upande wa Luzira. Ililetwa vipandevipande kwa treni enzi za wakoloni, ikaunganishwa ili iwafukuze wezi wa nyavu. Baada ya uhuru ilibeba barua na maaskofu. Wanajeshi waliposhika serikali, ilifungwa mzinga mbele, Nabwire akaipaka kijivu na kuiandika Mamba.

Kazi ya meli ilikuwa kukamata watu wa magendo waliovusha kahawa kwenda Kenya, na kweli ilikamata wachache. Kisha Kapteni Abdu aliona kwamba kahawa iliyokamatwa lazima iende mahali, na Kenya haikuwa mbali. Zaidi ya hayo, aliwaambia wakubwa kwamba ana manowari mbili, Mamba na Kiboko, ili apewe dizeli ya meli mbili. Kiboko hakuna aliyewahi kuiona. Abdu alieleza kwamba iko doria siku zote.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka brigadia mmoja alipotoa habari kwamba wageni kutoka nje wanakuja kutazama manowari, zote mbili. Abdu alikimbilia Kamwokya. Alimkuta Nabwire anachora jino kwenye bango la mng'oa meno, akaketi kwenye kopo la rangi na kumweleza yote, kofia ikiwa mapajani.

"Mama, nichoree meli nyingine," alimwomba.

Nabwire aliendelea na jino lake. Aliuliza wageni watasimama wapi. Abdu akasema ufukweni, chini ya turubai.

"Basi wataona ubavu mmoja tu," alisema Nabwire. "Huku niandike Mamba, kule niandike Kiboko. Ipite ikienda, ijifiche nyuma ya kisiwa, ipite tena ikirudi."

Ubavu wa kushoto ulibaki kijivu, wa kulia ukawa kijani, na bomba la moshi likagawanywa katikati. Siku ilipofika Nabwire naye alikwenda, kwa kuwa alitaka kuiona kazi yake majini. Mamba ilipita, wageni wakapiga makofi. Nyuma ya kisiwa mabaharia waliufunika mzinga kwa gunia na kubadilisha kofia. Kiboko ilipita, wageni wakapiga makofi zaidi. Kisha brigadia akashusha darubini.

Mbele ya meli zote mbili alisimama askari mrefu, mwenye suruali iliyoishia katikati ya miguu. Huyo alikuwa Obwona, mpishi, mtu wa Kitgum, kaskazini. Aliambiwa ashuke chini meli ikirudi, lakini alipenda kutazamwa.

"Yule mrefu," brigadia aliuliza, "mbona yuko kwenye meli zote mbili?"

Aliyejibu ni Nabwire, ambaye hakuulizwa.

"Ni mapacha, afande. Opiyo na Ocen."

Brigadia alicheka, akawasimulia wageni, na papo hapo akaamuru ndugu wote wawili wapandishwe cheo kuwa koplo. Tangu siku hiyo Obwona alipata mgao wa nyama mara mbili.

Lakini siku hizo askari wa kaskazini walikuwa wakiitwa kwa orodha, wakichukuliwa, wasirudi tena. Binamu zake Obwona walikwisha kwenda hivyo. Siku moja gari lisilo na namba lilisimama gatini, wakashuka wanaume wenye miwani nyeusi, wakamtaka koplo Opiyo. Abdu hakuwa shujaa, lakini uongo alikuwa ameuzoea. Aliwaambia Opiyo yuko Kiboko, na Kiboko iko doria. Wakamtaka Ocen basi. Ocen naye alikuwa ameazimwa na Kiboko. Wanaume wale wakaketi gatini kuisubiri, wakitazama ubavu wa kijivu wa meli ile ile.

Wakati huo Obwona alikuwa amekimbilia Kamwokya, nyuma ya mabango ya Nabwire, amejikunja. Ili asikae bure alipewa herufi za kujaza rangi, naye akawa anavuka mistari, Nabwire akamgombeza kwa kunong'ona. Gari lilipopita barabarani Nabwire aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa. Mkenya kuficha askari mwaka ule, Wakenya wenyewe wakitiliwa shaka! Aliijua hatari, na mumewe alimkumbusha kila alipokula.

Wale wa miwani walichoka, wakaenda kutafuta watu wengine. Meli ikaondoka na magunia ya kahawa, gunia moja likiwa refu kuliko mengine yote. Baadaye habari zilifika kwamba Obwona anapika hotelini Kisumu na amenenepa.

Serikali ile ilipoanguka mwaka 1979, Abdu alitoroka. Watu wa Bwaise walidai alipita kwao amevaa gomesi, gauni refu la mkewe Maimunah. Nabwire alikataa, alisema gomesi ya Maimunah isingemtosha.

Mzinga uling'olewa, mabenchi yakawekwa, na meli ikaanza kupeleka abiria na mbuzi visiwa vya Ssese. Wenye nayo wapya walimwita Nabwire aipake nyeupe yote na kuiandika Salama. Alipomaliza walimpa lifti ya bure, mara yake ya kwanza kupanda. Gati haijapotea machoni akaanza kutapika, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili, na rangi ilikuwa haijakauka. Alirudi Kamwokya na mstari mweupe tumboni. Walipomcheka sokoni, aliwaambia ndiyo mtindo wa wanamaji.