Krimu Nyeupe Chini ya Ignaita

Gari lilizimika katikati ya mlima, palepale lilipozimika juzi. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi. Kaka yake Mama Cheche, aliyeshika usukani, alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na mama yao, aliyekaa kiti cha nyuma, akauliza, "Tumefika?"

"Bado, mama," Mama Cheche akajibu, akashuka na jiwe la kuzuia tairi.

Mama Cheche ndilo jina lake la gereji. Umeme wa magari alijifunza kwa kuwashikia mafundi tochi. Siku hizi mafundi humshikia yeye. Lakini leo hakuwa na mteja, alikuwa na mama. Daktari wa macho alikuwa mgeni pale hospitali, na jioni anaondoka. Jicho moja la mama lilikwisha kwenda. La pili lisipopasuliwa leo, giza halitamngoja daktari arudi.

Mafundi wengine walikwisha badilisha koili, plagi, hata pampu ya mafuta. Yeye alikamulia kitambaa cha maji juu ya ignaita, kile kidude cha ubavuni mwa distributa kinachoziamuru plagi zitoe cheche. Akangoja kipoe.

"Piga stata."

Likawaka.

"Basi twende!" kaka akasema.

"Twende wapi? Likishika joto litazima tena. Geuza, turudi kwa muuza spea."

Duka lilikuwa chini ya mlima. Muuzaji alizisoma nyuso zao, na bei ikapanda kabla hawajasalimiana.

"Hii nzima, dada. Nimeifungua kwenye gari linalokimbia."

"Hata mwizi hukimbia. Lete maji ya moto."

"Dada, hii ni spea, si majani ya chai."

Mama Cheche aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaiunga kwenye nyaya za gari lao pamoja na waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji yanayotoa mvuke huku injini ikiunguruma. Haikuchukua muda, injini ikakohoa, ikafa. Muuzaji akaleta nyingine. Ya pili ilivumilia mpaka maji yakapoa.

"Nachukua hii, kwa nusu ya bei yako."

"Unanichuna, dada!"

"Nakupunguzia dhambi."

Aliporudi kwenye boneti, kaka yake alikuwa ameshafungua ile mbovu, na pale ilipokaa panang'aa kama sahani ya wageni.

"Nimekusafishia. Kulikuwa na uchafu mweupe."

"Uchafu ni wewe! Ile krimu ndiyo inayovuta joto la ignaita na kulipeleka kwenye chuma. Bila krimu, hii mpya itaungua kabla ya kona ya pili."

"Si tupake grisi?"

"Ya beringi? Paka mkate, ule."

Muuzaji hakuwa na krimu. Mama Cheche akavuka barabara mbio mpaka kwa fundi redio, maana vyombo vya muziki navyo hupakwa krimu hiyohiyo. Fundi alikuwa na tyubu iliyokaribia kwisha.

"Nimemwekea mteja wa amplifaya."

"Mteja wako atacheza muziki kesho. Pikipiki yako kila siku nakuona unaisukuma. Niletee gereji, nitaiwasha bure."

Fundi redio aliminya tyubu mpaka ikakunjamana.

Mama Cheche akapaka tabaka jembamba, akakaza skrubu, wakaanza kupanda. Mbele yao lori lilijikokota, na joto likapanda pamoja nao. Walipofika palepale pabaya, gari likatetemeka.

"Si ignaita, ni gia yako! Rudisha namba moja!" Mama Cheche akafoka.

Akarudisha. Injini ikanguruma, ikashika, na kilele kikabaki nyuma.

Langoni muuguzi alikuwa amekwisha toka na kiti cha magurudumu. "Mmechelewa. Daktari ananawa mikono, mleteni upesi."

Mama alipokwisha ingizwa ndani, kaka alipangusa jasho, akainama kuvuta kamba ya boneti.

"Wewe," Mama Cheche akasema bila kugeuka, "ukigusa chochote humo ndani, utalala leo kitanda cha jirani na mama."