Makoti yalibaki Woolwich, baridi ikawakuta Florida

Kabla ya kumsalimia mtu yeyote, Placida Tarimo anagusa hita. Anaweka kiganja juu ya chuma, anasubiri kidogo, kisha anahamia hita ya pili kwenye korido. Akiridhika ndipo anapovua glavu na kuanza kugonga milango ya wazee wake.

Ni Novemba 2004 hapa Woolwich, kusini-mashariki mwa London, na nje kuna ile mvua isiyonyesha wala isiyoacha. Kazi ya Placida katika nyumba hii ya kutunzia wazee ni kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavika na kuwalisha. Analipwa pauni tano na ushee kwa saa. Watanzania wa huku, wanaopenda kucheka hata visivyochekesha, huiita kazi hiyo "kuosha wazee".

"Waiite wanavyotaka," anasema Placida huku akikunja shuka. "Mimi najua chumba kikipoa mzee hasemi. Anatetemeka kimya kimya. Ukimuuliza, anakwambia I'm fine, dear. Kwa hiyo siwaulizi wao. Nauliza hita."

Chumba cha mwisho ni cha Mzee Avtar, Singasinga aliyezaliwa Moshi na kuendesha gereji huko mpaka alipohamia London miaka ya sabini. Kiswahili chake hakijapata kutu. Anamtazama Placida akimfunga vifungo vya sweta, halafu anamgeukia mwandishi wa makala haya kana kwamba Placida hayupo.

"Huyu wiki nzima amenuna," anasema.

"Sijanuna, babu. Inua mkono."

"Amenuna. Ni safari ya mtoto."

Placida anainama kumvalisha soksi, na anazivuta mpaka zinakaribia magoti.

Mtoto anayesemwa ni Adelina, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi. Wiki ijayo anakwenda na darasa lake pwani ya Kent, siku tatu, kucheza na kulala huko. Itakuwa mara yake ya kwanza kulala mbali na mama. Hata wodini, kila alipolazwa, Placida alikuwa kwenye kiti pembeni.

Adelina ana sikoseli. Chembe zake nyekundu za damu hupinda, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo huja maumivu ambayo Placida hapendi kuyaelezea. Vitu vingi huyachochea, na baridi ni mojawapo. Mtoto wa namna hiyo kuzaliwa London ni mtihani, na wazazi wake wamekuwa wakiufanya kila mwaka kuanzia Oktoba mpaka Aprili.

Lakini baridi iliyomfundisha Placida hofu aliyonayo leo haikuwa ya London. Ilikuwa ya Florida.

Ili kosa lake lieleweke, ni lazima kwanza uijue desturi ya makoti. Placida alitua Heathrow Januari 1993, kavaa gauni la kitenge na viatu vya wazi. Mumewe, Leonard, ambaye alikuwa ametangulia, alimsubiri na koti mkononi.

"Hakunikumbatia kwanza. Alinivisha kwanza," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Baadaye nikaona kila mtu wetu anafanya hivyo. Ukienda kumpokea mgeni, unakwenda na koti. Na ukimsindikiza mtu anayekwenda kwenye joto, unarudi na koti lake, maana la nini tena? Atapokelewa nalo akirudi."

Februari 2003, wakati wa likizo fupi ya shule, Placida na Adelina walikwenda Orlando, huko Florida. Majira ya baridi yaliyotangulia mtoto alikuwa amelazwa mara mbili. Pembeni ya kitanda chake cha hospitali alibandika picha ya bustani kubwa ya michezo ya huko, yenye mitende, maporomoko ya maji na watoto waliovaa kaptula. Daktari aliona joto halina ubaya, mradi asilowe, asichoke na anywe maji mengi. Zamu ya Placida kwenye mchezo wa kuchangishana fedha wa akina mama wa Woolwich na Barking ilipofika, fedha zikatosha tiketi mbili. Leonard, dereva wa basi, akabaki na usukani wake.

Ushauri haukukosekana. Mzee Avtar anakiri wa kwake bila aibu.

"Nilimwambia asibebe koti. Mpwa wangu alituma postikadi kutoka kule. Watu wote wamevaa chupi tu!" Anapiga paja. "Sasa ni kosa langu au kosa la postikadi?"

Pale Gatwick, Leonard aliwasindikiza mpaka mwisho wa ruhusa. Wakavua makoti, akayaweka begani, akapunga mkono. Adelina alikuwa tayari amevaa sandali.

Siku waliyofika hali ya hewa ilikuwa kama walivyoahidiwa. "Nilivua viatu pale kwenye maegesho ya moteli," anasema Placida. "Nikampigia Leonard, nikamwambia, Baba Adelina, huku ni nyumbani kabisa."

Kulipopambazuka, upepo ulikuwa umegeuka. Mwenye moteli, akiwa amejifunga blanketi, aliwaambia kwamba baridi ya aina ile hakuitegemea kabisa. Televisheni ilionyesha wakulima wakimwagilia michungwa maji ili yagande na kuyafunika machungwa, yasiharibiwe na baridi kali zaidi.

"Nikawaza, machungwa yana mtu wa kuyafunika," anasema. "Mimi mwanangu nimfunike na nini?"

Angeweza kumzuia mtoto asiende bustanini. Jambo hilo amelitafuna mpaka leo. Tiketi za kuingilia zilikuwa za siku ile ile, hazibadilishwi, lakini hata hilo halikuwa sababu.

"Angelia, ningekataa. Hakulia. Alisimama tu mlangoni, kashika ile picha aliyokuwa amebandika hospitali. Nikashindwa."

Kwenye sanduku kulikuwa na khanga doti mbili, alizobeba za kulalia. Kipande kimoja alimzungushia Adelina kifuani chini ya fulana, viwili akamfunga miguuni chini ya suruali, cha nne akamtandia mabegani. Juu akamvika sweta lake mwenyewe, na soksi nzito akamvalisha mikononi.

Mtoto wa London aliyefungwa khanga hadharani hana raha. "Mum, everyone's looking," alinung'unika walipofika getini. Watoto wengi wa hapa wanakielewa Kiswahili vizuri, ila wakijibu wanajibu kwa Kiingereza, na Adelina hakuwa tofauti.

"Waangalie," Placida alimjibu. "Wenyewe wamevaa taulo."

Hakuwa akitania. Kwenye foleni watu wazima walijitandia taulo za hoteli, wengine walivaa soksi mikononi vile vile. Wafanyakazi wa bustani, waliovalishwa mashati ya maua kwa ajili ya joto, walikuwa wakirukaruka mahali pamoja huku wakitabasamu kwa amri ya kazi. Michezo yote ya maji ilifungwa. Dukani masweta yenye kofia yalikuwa yakigombewa, na Placida akaambulia moja la mtu mzima, mikono yake ikampita Adelina magoti.

Wakapanda treni ndogo. Wakatazama ndege wa rangi rangi ambao nao walijikunyata. Kila baada ya muda Placida alimpa mtoto maji, na kila alipompa aliuliza.

"Uko sawa?"

"I'm fine, Mum."

Foleni nyingine, swali lile lile. "I'm fine." Upepo ulikuwa unapenya kati ya majengo yale ya rangi, na Placida anasema moyo wake ulikuwa juu juu muda wote, ila mdomo wa mtoto ulimwambia atulie. Akatulia kwa nguvu.

Kilichomshtua ni kikombe. Adelina alipewa chokoleti ya moto, kitu anachokipenda kuliko vyote, na aliipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulibaki ndani ya lile sweta kubwa. Akanywa kidogo, akakiweka kikombe chini, akasema tena kwamba yuko sawa, twende kwenye foleni inayofuata.

"Hapo ndipo nilipomsikia," anasema Placida. Ameketi sasa kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, chai yake imepoa mbele yake. "Nilimsikia kama ninavyowasikia wazee wangu. Hawa watu wanavunjika nyonga wanakwambia I'm fine. Mwanangu kazaliwa kwao, kajifunza kwao. Mimi nalipwa kutoamini neno hilo, na kwa mwanangu mwenyewe nililiamini tangu asubuhi."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya watu wote. Hakuuliza tena kama yuko sawa. Aliuliza, "Wapi?"

Adelina alimtazama. Midomo ilikuwa imekauka. Halafu akajibu, na alijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa.

"Mikono, mama. Na miguu. Inauma sana."

Placida anageukia dirisha, na mwandishi anajifanya kuandika.

Alimbeba mpaka chumba cha huduma ya kwanza. Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mwenye maneno machache. Alisikia neno sikoseli, akafunga mlango, akapandisha hita na kuleta mablanketi. Dawa za maumivu Placida alikuwa nazo kwenye pochi. Wakakubaliana kwamba zisipomtuliza upesi, au homa ikianza, gari la wagonjwa liitwe bila kungoja.

"Hofu niliyokuwa nayo, sijui niieleze vipi. Nchi ya watu, hospitali ya watu, mtoto anatweta, na mimi ndiye niliyemleta kwa mikono yangu. Nilimwambia Mungu, kama ni adhabu, mimi niko hapa, mwache yeye."

Adelina ndiye aliyeomba. Alisema tena kwa Kiswahili, "Nifunge, mama." Placida akazifungua zile khanga ambazo binti alikuwa akizionea aibu, akamlaza mtoto wa miaka minane kifuani kwake, akawafunga wote wawili pamoja kama mtoto mchanga kwenye mbeleko. Nesi akatandaza blanketi juu. Wakakaa hivyo, mmoja akinywa maji kwa mrija, mwingine akihesabu pumzi za mwenzake.

Gari la wagonjwa halikuitwa. Maumivu yalishuka taratibu, yakabaki kwenye vidole, jioni wakarudishwa moteli kwa teksi. Siku zote zilizobaki walizimaliza kitandani wakitazama televisheni. Jua lilitoka siku ya kuondoka. Placida anasema alilitazama kupitia dirisha la basi la uwanja wa ndege na akalisonya.

Simu aliyompigia Leonard usiku ule wa tukio ilikuwa fupi. "Aliniambia, makoti yenu yananitazama hapa kwenye korido."

Waliporudi Gatwick, Leonard alikuwa wa kwanza kwenye kizuizi. Koti la Placida lilikuwa begani. La Adelina alilikumbatia, limefungwa vifungo vyote, na ndani yake kulikuwa na chupa ya mpira iliyojaa maji ya moto. Aliijaza kwenye mgahawa wa uwanja dakika ile ile ndege ilipotua. Watu walimgeukia wakidhani amebeba mtoto.

Tangu siku ile Placida hasindikizwi na mtu wa kurudi na koti lake. Hata akienda sokoni mwezi wa Julai, sweta liko kwenye mfuko, na wenzake wanamcheka. Lakini koti si tatizo la safari ya Kent. Makoti ya kwenda Kent yako mawili, na chupa ya mpira ipo. Mwalimu ameelezwa kila kitu, na dawa zimefungashwa.

"Tatizo ni kwamba mwalimu atamuuliza, are you OK?" anasema Placida. "Na yeye atajibu ile ile. Mwalimu atamwamini, kwa nini asimwamini? Kule sitakuwepo kuuliza wapi."

Alifikiria kumzuia. Leonard akakataa, na Placida mwenyewe anajua Leonard yuko sahihi. Septemba ijayo mtoto anaingia sekondari, atapanda basi peke yake, na walimu watakuwa wengi. Kwa hiyo kila jioni mama na mwana wanafanya mazoezi jikoni. Placida anakuwa mwalimu, na binti anatakiwa kusema panapomuuma kabla hajaulizwa. Adelina anazungusha macho, lakini anafanya.

Zamu imekwisha, tunapanda ngazi za nyumba yao, mtaa wa pili kutoka sokoni. Ndani kuna joto la kukutoa jasho. Placida anagusa hita ya korido bila kujua kwamba ameigusa, anaweka birika jikoni. Muda si mrefu mlango unafunguliwa, mkoba unadondoshwa, viatu vinavuliwa.

"Adelina? Uko sawa?"

"I'm fine."

Placida anabaki na birika mkononi. Hamfuati. Hasemi "wapi". Uso wake ni wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Kisha mlango wa jikoni unasukumwa na kichwa chenye kofia ya sufu kinachungulia.

"Actually, it hurts a bit," anasema Adelina. Ananyoosha mkono wa kushoto. "My fingers. I told Miss already. She let me stay in at playtime."

Placida anakaa kwenye kiti. Anamwita mtoto, anavichukua vile vidole na kuvifunika kwa viganja vyake viwili, vile viganja vya kupima hita. Machozi yanamtoka naye anacheka. Ni mara ya kwanza kwa mwandishi kumwona mzazi akifurahi kuambiwa kwamba mwanawe anaumwa.

"Umemwambia mwalimu wewe mwenyewe? Hujaulizwa?"

"Sijaulizwa," anajibu Adelina kwa Kiswahili.

"Basi nenda Kent," anasema Placida. "Nenda. Lakini koti usimpe mtu akushikie."